Mteremko Uliopakwa Chokaa

Mjini, 6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kufidia miezi yote niliyokaa kimya. Sisi huku hatujambo. Goti la Baba linaendelea vizuri, ila ulimi ndio umezidi kupata nguvu. Kutwa yuko kitini anabishana na redio. Ikifika taarifa ya hali ya hewa anatunyamazisha wote, na wakitaja milima anaongeza sauti. Ukimuuliza anasikiliza nini, anasema anatafuta mpira. Mimi nimenenepa kidogo na nimehamishwa meza. Sasa nakaa dirishani, juu kabisa ya kituo cha mafuta, na harufu ya petroli ndiyo chai yangu ya saa nne.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Mtandao unaupata pale dukani tu, na kila nikikuuliza jambo unanijibu "tuko salama" kwa sauti ya mtu anayesikilizwa na foleni nzima ya sukari. Ndiyo maana barua hii nimemkabidhi dereva wa lori la viazi.

Jambo lenyewe ni la kazi. Uliwahi kuniuliza nafanya nini ofisini, nikasema ramani, ukasema ramani si zilishachorwa zamani? Basi hizi ni nyingine. Tunatumia mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani kompyuta inayopanga ramani juu ya ramani. Kuna ya mwinuko, ya udongo, ya mvua, ya barabara na mifereji, na ya mahali ambapo ardhi ilishawahi kuporomoka. Zikilaliana zote tunaona ni wapi inaweza kuporomoka tena. Kijani ni salama, njano ni mashaka, nyekundu ni ondoka. Wenye nyumba kwenye nyekundu watapewa viwanja pale chini tambarare, karibu na kiwanda cha zamani cha maziwa, wahame kabla ya mvua kubwa.

Mteremko wenu umo kwenye ramani yangu, Shangazi. Kwa sasa ni njano. Kompyuta peke yake haiwezi kuamua, kwa hiyo mwezi ujao timu yetu itapita nyumba kwa nyumba kutazama kuta na mazingira. Mimi sitakuwepo, maana mkuu wangu wa kitengo hakubali mtu akapime kwa ndugu zake, na katika hilo siwezi kumlaumu. Nakuomba tu uwapokee vizuri.

Mwanao,
Kijiti

*

Nyumbani, 19 Juni

Mwanangu Kijiti,

Marahaba, na ile ya pili nayo nimeipokea. Kama kweli umenenepa itabidi tukutafutie jina jingine. Mwambie mdogo wangu aache kuionea redio ya watu. Akitaka habari za mlima aandike yeye mwenyewe, kalamu haishikwi kwa goti.

Huku mambo si haba. Huu ni msimu wa sare za shule, nyumba nzima imejaa sketi mpaka paka hana pa kulala. Mke wa Kinyozi kajifungua salama, mtoto ana nywele kichwa kizima, baba yake anamtazama kama mteja. Jirani yangu wa juu, Mwalimu mstaafu, anafunga mizigo. Binti yake anamwita wakaishi wote bondeni, na yeye kila siku anasema anaondoka kesho.

Sasa hao wageni wako. Umesema niwapokee vizuri, na mimi unanijua. Siku ile ile nilipita kila mlango nikawaambia: watu wanakuja kutoka ofisini kwa mwanangu, wanakuja kutazama kuta, na sitaki warudi mjini kusema shangazi yake Kijiti anaishi kwenye magofu. Mwanangu, ukitaka kuona umoja, waambie watu nyumba zao zinakuja kukaguliwa! Fundi mwashi amekosa hata nafasi ya kujikuna. Kila kiaibu kilichokuwa ukutani kimezibwa kwa lipu, na juu yake chokaa. Kinyozi kapaka mpaka banda la kuku. Ile miti iliyokuwa imelalia njia tumeikata, ilikuwa inaharibu sura. Na pale maji yalipoanza kuchuruzika chini ya ukuta wa Mwalimu tumepanga mawe, tumepanda maua. Ukisimama barabarani unaona mteremko mzima umevaa shati jeupe.

Waje sasa, wasiponisifia nitajua wana husuda.

Shangazi yako

*

Mjini, 28 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Jibu lako sijalipata, na yule dereva wa lori haonekani. Wanasema gari limelala gereji. Nimeshindwa kumsubiri, barua hii anakuletea mtu anayekuja huko kununua vitunguu.

Ni kijani! Nimeanza na hilo, salamu zitafuata nyuma. Timu imerudi na taarifa zake tumeziingiza. Hakuna ufa hata mmoja, hakuna mti ulioinama, hakuna chemchemi mpya. Kiongozi wa timu, yule mrefu, anasema hajawahi kupita mahali pasafi kama hapo kwenu, na chai yako ameitaja mbele ya mkuu kana kwamba nayo ni kipimo. Basi mteremko wenu umetoka kwenye njano umeingia kwenye kijani. Ramani itasainiwa mwisho wa Septemba, baada ya hapo habadilishi mtu.

Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Wiki zote hizi nilikuwa nafungua ile ramani, naikuza mpaka naona paa lako, halafu naifunga haraka mtu asinione. Baba nilipomwambia alisema "mm", akaomba aongezewe chakula.

Kula, ulale, ushone. Uko salama.

Kijiti

*

Nyumbani, 10 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi, na mwambie mdogo wangu hiyo "mm" yake nimeisikia mpaka huku.

Barua yako niliisoma dukani kwa sauti, tena nikairudia pale penye neno kijani. Watu walipiga vigelegele! Mwalimu mstaafu kafungua mizigo yote, kampigia binti yake kumwambia haji tena, kompyuta imesema akae. Kinyozi anaongeza chumba. Mimi natembea kifua mbele, mama mzaa chema.

Huyo mrefu nilimpenda. Anakunywa chai kwa adabu na hana pete kidoleni. Nasema tu.

La kuudhi ni seremala. Mlango wangu haufungi tena. Alikuja akauranda, ukafunga, sasa umegoma upya. Na fundi mwashi naye ni wa kutafutwa kwa tochi. Lipu ya Juni imeshaachia, tena si yangu tu, ni nyumba zote za upande wa juu. Mafundi wa siku hizi wanakula hela ya watu na kutoa salamu.

Lori limepona. Dereva kanionyesha barua yangu ile ya mwanzo, alikuwa ameikalia chini ya kiti muda wote huo! Nimemsema hadi akavua kofia. Anakuletea zote mbili pamoja.

Shangazi yako

*

Mjini, 21 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba hajambo, sote hatujambo, na leo nisamehe, salamu zimekwisha.

Nimezisoma barua zako mbili kwa mkupuo, nimesimama, mkoba ukiwa bado begani. Mlipaka lipu, mkakata miti, mkafunika maji. Vitu vitatu ambavyo timu ilikuja kuvitafuta, mliviondoa vyote kwa ajili ya wageni! Sijui nicheke au nipige kelele. Na kosa ni langu pia, nilikuandikia muwapokee vizuri, sikukwambia wanakuja kutafuta nini.

Sasa naomba unijibu kama mtu mzima na mtu mzima. Hicho unachokiita kiaibu cha ukutani kina upana gani? Kilianza lini? Mlango ulianza kugoma lini? Miti ilikuwa imeinamia upande gani? Lipu ya miezi miwili haiachii nyumba zote za upande mmoja kwa uzembe wa fundi, Shangazi. Inaachia kwa sababu ukuta unasogea.

Mwalimu angekuwa bondeni kwa binti yake sasa hivi. Kinyozi asingekuwa anajenga. Wote wamekaa kwa sababu ya barua yangu. Ramani ikisainiwa hivi ilivyo, hakuna atakayepewa kiwanja, na mvua ikija itawakuta hapo hapo.

Nijibu upesi. Dereva nimemwambia angojee jibu hata kama ni neno moja.

Kijiti

*

Mjini, 9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema ulimpa chai, ukamwambia huna la kuandika. Na simu yako haipatikani.

Baba amesoma barua zako. Hakusema "mm". Amezima redio tangu jana, na nyumba ina ukimya ambao sijauzoea. Amenituma nikwambie neno lake moja: "Njoo."

Ninakuomba.

Kijiti

*

Nyumbani, 16 Septemba

Mwanangu,

Nimepata barua zako. Ya kwanza niliichana. Ya pili nilikuwa naelekea kuichana, nikaliona hilo neno la mdogo wangu. Huyo mtu hajawahi kuniambia njoo maishani mwake, hata tulipokuwa watoto alikuwa ananiambia nenda.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukudanganya, nikajiona sina kipaji.

Haya, sikiliza. Seremala hana kosa. Mlango haufungi kwa kuwa fremu imepinda, na fremu imepinda kwa kuwa ukuta umepinda. Ufa wa chumbani kwangu unaingiza kiganja. Ulianza mvua za mwaka juzi kama uzi, nikausogezea kabati, ukatokea upande wa pili wa kabati. Miti ilikuwa inainamia bondeni, yote. Maji ya kwa Mwalimu yalikuwa hayapo zamani. Kila mtu hapa ana lake na kila mtu analo nyuma ya kabati. Tukikutana dukani tunaongelea bei ya mafuta ya taa.

Ile chokaa naapa ilikuwa kwa ajili ya wageni, wallahi sikuwa na hila. Lakini nilipomaliza kupaka, nikasimama nje, nikaona ukuta mzima, mweupe, hauna kitu, moyo wangu ulitulia kama vile umepona kweli. Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nawapakia wageni peke yao.

Unataka kujua kwa nini. Yule bwana aliponiacha, nilitoka na cherehani na nguo nilizovaa. Nyumba hii nimeijenga kwa sketi za shule. Msimu huu msingi, msimu ule dirisha. Hakuna mwanamume aliyenisaidia kubeba hata ndoo. Nikiitoka, mimi ni nani? Ni dada wa mtu, anayekaa sebuleni kwa mtu, anayeondoa miguu watu wapite. Hilo lilinitisha kuliko mlima. Sasa umelijua, usinihurumie, sitaki.

Lakini uliposema Mwalimu angekuwa bondeni, hapo ulinipata. Kama ni kufa kwa kiburi changu ningekufa na kiburi changu, ila yule mzee nimemkalisha mimi, kwa kusoma kwa sauti.

Jana nilikwenda dukani nikawaambia wote: ile kijani ni chokaa yetu. Tuliwaonyesha wageni kuta za uongo, na kompyuta imesema kile tulichoilisha. Kila mtu akaniwakia. Mwalimu akaniuliza kama nakumbuka nani aliyewagongea milango mwezi wa Juni. Nikasema nakumbuka, ndiyo maana nimekuja na nyundo. Wakanifuata mpaka kwangu kunitazama kama nimerukwa na akili. Nikabandua lipu ya chumbani kwangu yote, mbele yao, mpaka ufa ukaonekana kuanzia dari hadi sakafu. Mke wa Kinyozi aliutazama, akamkabidhi mumewe mtoto, akaniomba nyundo.

Mpaka jioni mteremko mzima ulikuwa umevua shati. Mwalimu tu ndiye hajabandua. Walete watu wako. Na safari hii simwandalii mtu chai.

Shangazi yako

*

Mjini, 8 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Barua yako ya Septemba niliipeleka moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo. Niliona bora nipoteze kazi kuliko kuificha. Aliisoma polepole, akavua miwani, akaniuliza: "Wewe unataka tu shangazi yako apate kiwanja?" Swali lilinichoma, ila ni swali la haki. Nikamwambia asinihusishe. Basi aliniondoa kwenye mteremko wenu kabisa, akampa mwenzangu anayekaa meza ya pili, mtu asiyewajua wala hajali. Timu ikarudi kwenu. Muda wote huo mimi nilikuwa nachora ramani ya upande mwingine wa mlima, masikio nimeyatega.

Yule mrefu amerudi hana la kutania. Amepima nyufa zenu moja moja na kila moja imewekwa mahali pake kwenye ramani. Zikionekana kwa pamoja si fujo, Shangazi. Zinakaa kwenye mstari, kama pindo, kuanzia uani kwa Mwalimu hadi nyuma ya duka. Hapo ndipo ardhi inapoachana. Wakalinganisha na picha za setilaiti za miaka ya nyuma, wakakuta hata uzio na nguzo za umeme zimesogea kuelekea bondeni.

Ni nyekundu. Na ni nyekundu kuliko nilivyohofia. Mkuu amesaini wiki iliyopita. Viwanja vimekubaliwa kwa nyumba zote, malori ya kuhamisha yataanza kabla mwezi haujaisha, na bati, milango na madirisha mnaruhusiwa kuvichukua.

Nilikwenda chooni nikalia tena. Safari hii sikujua ni kwa furaha au kwa ile nyumba yako ya sketi. Nafikiri ni kwa vyote.

Baba anasema kiwanja ni chako, jina lako, hati yako, na kwamba hakuna aliyetaja sebule yake.

Kijiti

*

Tambarare, 1 Novemba

Mwanangu,

Unaona nilivyoandika hapo juu? Tambarare! Ndiyo anwani yangu mpya.

Tumehama. Sitakudanganya kwamba niliimba. Nilitoa madirisha, nikatoa bati, nikashindwa kufunga mlango kwa mara ya mwisho kwa sababu haukukubali, nikauchukua nao. Niliulilia pale pale njiani, watu wakiona, sikujali. Kinyozi alinishika mkono, naye alikuwa analia, na tulipoonana tunavyofanana tukacheka mpaka dereva wa lori akatupigia honi.

Mahali penyewe pana shida zake. Pana upepo, na bado panatoa harufu ya maziwa yaliyochacha, sijui kile kiwanda kilifungwa na nini ndani. Watoto wananung'unika kuwa mpira ukiupiga unakaa pale pale. Mimi mwenyewe nikitembea nahisi miguu yangu haijui la kufanya, nimezoea mmoja kuwa juu na mwingine chini. Lakini nimesimamisha vyumba viwili na cherehani ipo mlangoni penye mwanga. Sare za mwakani zimeshaanza kuagizwa.

Mwalimu amekataa kuja. Alisema kompyuta ilishamwambia akae. Nilipanda kwake mara nyingi, hakunifungulia. Mwisho nikakaa nje ya mlango na kushona hapo hapo, kwa mkono, nikimwambia sishuki bila yeye, na kwamba mlima ukija utatukuta wote na sketi hazijaisha, wazazi watamdai yeye. Akatoka na redio na kiti chake. Hajaniamkia mpaka leo. Anapita dirishani kwangu akinipa kisogo. Ila anapita.

Shangazi yako

*

Mjini, 12 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameanza kutembea bila fimbo, na redio imewashwa tena, alhamdulillahi. Nilijiapiza sitakuambia habari za yule mrefu, basi sikuambii.

Nina jambo linanikosesha raha. Mvua kubwa zimekuja, zimenyesha kuliko mwaka jana, na mteremko wenu umesimama. Kila asubuhi nafungua picha mpya, nautafuta, naukuta upo. Nyufa zimepanuka, njia imekatika pale dukani, basi. Ofisini tumepokea malalamiko. Wenzenu wameandika kwamba tumewatoa kwenye nyumba zao bure, na kwamba mlima ulioandikiwa kuanguka uko wapi. Mwalimu wako ameandika kurasa tatu, mwandiko mzuri sana.

Mkuu anasema ramani hii si mpiga ramli. Haisemi mlima utaanguka Jumanne. Inasema mtu asikae hapo akisubiri kujua. Naelewa, nami ndiye ninayewaelezea wengine hivyo. Lakini nikikaa peke yangu najiuliza kama nilichukua nyumba ya shangazi yangu, aliyoijenga kwa mikono yake, nikaibomoa kwa rangi ya kompyuta. Ingekuwa imeanguka ningejua niko sahihi. Unaona mahali nilipofika? Naamka asubuhi nikitamani nyumba yako ianguke ili nipate amani. Naona aibu kuyaandika haya.

Niambie ukweli, Shangazi. Nilikukosea?

Kijiti

*

Tambarare, 21 Desemba

Mwanangu Kijiti,

Acha upuuzi.

Marahaba, hatujambo, huyo usiyeniambia habari zake amenitumia salamu kupitia kwa dereva, kwa hiyo ninyi wawili endeleeni kunificha.

Mwalimu nimemuuliza kuhusu kurasa zake tatu. Amesema ni kweli aliandika, kwa kuwa hana shule ya kufundisha wala nyumba ya kukarabati, na hasira bila kalamu inampandisha presha. Kisha akaniuliza kama mmemjibu. Mjibuni, mzee anapenda barua. Baada ya hapo alikaa, akanisalimia, akanywa chai. Binti yake anakuja mwezi ujao kumchukua. Safari hii mizigo ameifunga mara moja tu.

Sasa swali lako. Nilitaka kukujibu kwa mzaha, halafu nikaona hili linahitaji ukweli wake.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu, wala Mwalimu, wala baba yako. Kule juu, tangu ule uzi wa kwanza ulipotokea ukutani, mvua ikianza mimi nilikuwa navaa viatu. Nikishavaa viatu nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na mkoba wangu mapajani, nasikiliza. Si kusikiliza mvua, mvua haina neno. Nilikuwa nasikiliza chini. Inyeshe saa moja, inyeshe siku nzima, nimekaa, siwezi kushona wala kula. Ikikatika navua viatu, natoka nje, nawatania watu. Mlikuwa mnaniona mcheshi. Nilikuwa nimechoka, mwanangu, mpaka kwenye mifupa. Nikadhani ni uzee.

Hata hapa, mvua za mwanzo nilivivaa. Juzi ilinyesha tena. Ilianza baada ya chakula cha mchana, nimekaa mlangoni napinda sketi ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema moyoni, haya imeanza. Nakumbuka nilitafuta viatu kwa jicho, nikaviona viko uvunguni, mbali, nikaona uvivu kuvifuata.

Kilichofuata ni mke wa Kinyozi kunitikisa bega. Mvua ilikuwa imeshakatika, jua limetoka, watoto wako nje kwenye madimbwi. Sindano ilikuwa bado vidoleni. Amewatangazia watu wote kwamba nilikuwa nakoroma kushinda radi, na alinisubiri kidogo kabla ya kuniamsha ili wengine nao wapate kusikia.

Nilikasirika mbele yake, unanijua. Alipoondoka nikakaa pale pale na sketi yangu, nikalia kwa raha.

Kwa hiyo mlima na usimame, Kijiti. Usimame miaka mia, na nyumba yangu iwe juu yake, wajukuu wa Mwalimu wautazame kutoka bondeni. Wewe usiuombee kuanguka. Mimi mvua imeninyeshea na nimelala.

Shangazi yako